Uwanja wa Shule si Ploti

Mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa jamii mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Ruiru na Thika. Tumeyaandika hapa ili vikundi ambavyo havikufika navyo viyasome na kuyajadili.

Nilipoalikwa niliambiwa niongee juu ya watoto na shule. Najua wengi mnatarajia maneno ya karo, ama vitabu, ama chakula cha mchana. Hayo tumeshayaongea na tutayaongea tena. Leo nataka tuongee juu ya P.E., kile kipindi cha mazoezi ya viungo, na ule uwanja kinapofanyiwa. Msicheke kwanza. Nikimaliza mtaona kwamba haya ni maneno ya afya, na ni maneno ya ardhi pia.

TULIVYOCHEZA SISI

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka wa 1985, mwaka ule ule mfumo wa 8-4-4 ulipoanza. Wakulima watakumbuka kwamba ndio mwaka kahawa ya Ruiru 11 ilipotolewa na kituo cha utafiti hapa Ruiru. Shule yetu ilizungukwa na kahawa pande tatu, na upande wa nne ulikuwa barabara ya vumbi. Tulikuwa na uwanja mmoja tu wa nyasi, nao ulikuwa na mteremko. Timu iliyocheza ikielekea chini ilifunga mabao karibu yote, halafu mkibadilishana upande nayo inafungwa.

Vifaa havikuwako. Mpira tulijifungia wenyewe kwa makaratasi ya nailoni na kamba ya makonge. Kijiti cha mbio za kupokezana kilikuwa kipande cha mti wa kahawa. Magunia ya kurukia yalitoka nyumbani, na ukirarua gunia la mama, jioni ulikiona. Laini za kukimbilia zilichorwa kwa jivu, kila darasa likibeba jivu lake kutoka jikoni. Wasichana tulicheza kati na blada, na wavulana walicheza mpira mpaka vidole vikatoka damu. Siku za maziwa ya Nyayo, zile pakiti za pembe tatu, tulikunywa, tukapuliza pakiti tupu na kuikanyaga ilie pwaa!

Mwaka wa 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika katika uwanja mpya wa Kasarani, hapa tu ukielekea Nairobi. Sisi hatukwenda, nauli ingetoka wapi? Lakini dukani kulikuwa na redio, na kwa majuma mengi kila mtoto alikuwa mwanariadha. Mwaka uliofuata Kenya ilileta dhahabu 5 kutoka Seoul, 4 za mbio na 1 ya ngumi. Tulikuwa tukikimbia kwenda mtoni kuteka maji tukijiita John Ngugi na Peter Rono. Hata sisi wasichana tulijipa majina ya wanaume, kwa sababu mwanamke wa Kenya mwenye medali ya Olimpiki alikuwa hajapatikana. Tulimngoja hadi 1996, Pauline Konga alipopata fedha katika mbio za mita 5,000 kule Atlanta.

MWALIMU ALIONA NINI

Sasa sikilizeni hapa. Darasani mtoto anaonekana kuanzia mabegani kwenda juu. Uwanjani anaonekana wote.

P.E. tuliifanya miguu mitupu, na wachache waliokuwa na viatu waliviweka kando. Hapo ndipo mwalimu wetu wa darasa la tatu alipoona ni nani anakanyaga kwa visigino kwa sababu ya funza. Hakumtaja mbele ya wengine. Alimwita kando, na jioni akaenda kwao. Aliona ni nani anakaa chini baada ya mzunguko mmoja, akamuuliza: asubuhi umekula nini? Aliona alama za kipigo shati likipanda mtoto anaporuka. Mimi nilipokwenda kusomea diploma ya kazi ya jamii nilifundishwa njia nyingi za kumtambua mtoto mwenye shida nyumbani. Mwalimu yule alikuwa na njia moja: aliwatoa watoto nje wakimbie, akatazama.

Halafu kuna wale ambao kila muhula namba yao ilikuwa ya mwisho. Mnawajua, labda wewe ulikuwa mmoja wao. Darasani walikaa nyuma wakinyamaza. Uwanjani, huyo huyo ndiye aliyepanga nani aanze mbio za kupokezana na nani amalizie, na sisi wa namba ya kwanza tulimtii. Kwa hiyo kila juma alikuwa na nusu saa ya kuheshimiwa. Nusu saa ni kidogo, lakini ilimtosha asiache shule.

KIPINDI KILICHOPOTEA

Tulipofika darasa la saba, P.E. ilibaki kwenye ratiba ukutani, lakini nje hatukutoka. Kengele ya P.E. ikilia, mwalimu wa hesabu anaingia. Wazazi hawakulalamika, wengine hata walifurahi, kwa sababu P.E. haikuwa na karatasi katika mtihani wa K.C.P.E. Kisichotahiniwa hakina mwenyewe.

Mtihani huo umekwisha, wa mwisho ulifanywa mwaka wa 2023. Mtaala mpya ulioanza mwaka wa 2019 umeiweka michezo ndani ya masomo. Katika sekondari ya chini michezo na sanaa ni somo moja lenye alama zake, na katika sekondari ya juu moja ya zile njia tatu za masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa hiyo mzazi hawezi kusema tena kwamba michezo haina mtihani. Lakini mazoea ya karibu miaka 40 hayaondoki kwa barua ya wizara. Usianze na mwalimu mkuu. Muulize mtoto jioni: leo mlitoka nje?

Nawaambia hivi kwa sababu ya afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kila siku. Sisi tulizipata hata bila P.E. Tulitembea kwenda shule, tukateka maji, tukakata majani ya ng'ombe. Mtoto wa Ruiru wa leo anaishi ghorofa ya nne, anapelekwa shule kwa gari ama bodaboda, na akirudi geti linafungwa. Mama anaogopa magari, na ana haki kuogopa. Kwa mtoto huyo, uwanja wa shule ndio mahali pa pekee pa kukimbia. Ukienda huo, hana pengine.

PLOTI 15

Na hapa ndipo maneno ya ardhi yanapoingia. Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka wa 2012, mmeona wenyewe: mashamba ya kahawa yamekatwa ploti, kutoka Githurai, Ruiru, Juja mpaka Thika. Sisemi ni vibaya, watu lazima wakae mahali. Lakini nataka tupige hesabu pamoja.

Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Geuzeni kuwa futi. Mnapata nini? Futi 100 kwa 50. Ndiyo ile ploti ya 50 kwa 100 ambayo kila mmoja wenu anaijua bei yake! Uwanja kamili wa mpira wa miguu, mita 105 kwa 68, ni ploti za namna hiyo 15 na kidogo. Sasa mnaelewa kwa nini mtu akipita karibu na shule akiona nyasi tupu, yeye haoni watoto. Anaona ploti 15 ambazo hazina ua, na pengine hazina hati.

Mnakumbuka Januari 2015, kule shule ya msingi ya Langata Road, Nairobi. Watoto walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Waliposukuma ukuta pamoja na watu wazima, polisi waliwatupia gesi ya machozi, watoto wa shule wakiwa na yunifomu. Picha zilizunguka dunia nzima, ukuta ukaanguka, na uwanja ukarudi kwa shule. Lakini mimi nawauliza: ni lazima tungoje mpaka watoto wasukume ukuta? Jiwe la mpaka linang'olewa usiku mmoja. Kulirudisha kunaweza kuchukua miaka kortini.

NA UWANJA NI WA WATOTO WOTE

Hapa Thika tuna shule mbili za Jeshi la Wokovu ambazo nchi nzima inazijua: Shule ya Wasioona ya Thika, iliyoanza mwaka wa 1946, na Joytown ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Kwa hiyo sisi si watu wa kusema kwamba mtoto kama huyo akae kivulini alinde sweta za wenzake. Mnamjua Henry Wanyoike wa Kikuyu, hapa hapa Kiambu. Alipoteza macho mwaka wa 1995 akiwa kijana. Miaka mitano baadaye, katika michezo ya walemavu kule Sydney, alikimbia mita 5,000. Karibu na mwisho yule mwenzake aliyekuwa akimwongoza aliishiwa na nguvu. Wanyoike akamvuta wakamaliza pamoja, akapata dhahabu. Kipofu alimvuta mwenye macho!

Na wasichana. Wakati wetu, msichana akianza kupata hedhi, aliacha P.E. kimya kimya. Alisema tumbo linauma, mwisho hata netiboli akaacha. Sheria ya mwaka wa 2017 inasema serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Ulizeni kama zinafika, na kama zinatosha.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI

Hatuhitaji mfadhili kwa mambo haya.

1. Tumeni watu wawili au watatu kwa Bodi ya Usimamizi ya shule. Waulize kwa heshima: ardhi ya shule ina hati? Bikoni ziko ngapi na ziko wapi? Kama hakuna hati, kikundi kiandike barua pamoja na bodi kwa ofisi ya ardhi na Tume ya Taifa ya Ardhi, na nakala iwekwe kwa faili ya kikundi.

2. Pandeni ua. Kaiyaba hukua polepole, lakini ukishika hata mbuzi hapiti. Kikundi kimoja, siku moja, upande mmoja wa uwanja.

3. Tengenezeni mipira. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na ni vizuri, lakini matambara na kamba ya makonge bado viko. Mama anayejua kushona kiondo hashindwi kufunika mpira.

4. Wekeni sodo za akiba na kaptula chache kwa mwalimu wa kike anayeaminiwa na wasichana.

5. Mzazi akija mkutano wa shule, asiulize alama tu. Aulize pia: P.E. inafanywa siku gani? Naomba nije nione.

Ndugu zangu, kikundi chenu kinaweka akiba ya shilingi kila juma ili watoto wawe na kitu kesho. Uwanja wa shule ni akiba ambayo wazee wetu waliweka bila kitabu. Tusiwe sisi tulioikula.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Wewe ulicheza michezo gani shuleni? Mahali hapo sasa pana nini?
2. Watoto wetu hutoka nje mara ngapi kwa juma kwa kipindi cha P.E.? Nani atawauliza?
3. Nani kati yetu anajua mipaka ya ardhi ya shule yetu? Kama ni mzee mmoja tu, tutaiandika lini?
4. Ni mtoto gani hapa kijijini hajawahi kuitwa kucheza, na kwa sababu gani?