Mtoto Asiyetaka Kula: Hotuba kwa Wanachama wa Reli, Changamwe



Tumezoea kukutana kwa habari za mishahara, zamu na nyumba. Leo twaomba ruhusa tuzungumze juu ya mtoto wa mwaka mmoja hata mitatu, yule ambaye akiona kijiko hufunga mdomo, na kila mwezi uzito wake ni ule ule. Huenda mtu akasema hayo ni ya jikoni, si ya chama. Sisi twasema ni ya chama. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa reli na wa bandari pamoja, waligoma kwa kuwa mshahara haukutosha kuishi mjini. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa Mwafrika ulikuwa umepimwa kwa tumbo la mtu mseja, ikashauri upimwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Basi, ikiwa fungu la mtoto lilidaiwa kwa jasho la wazee wetu, yatupasa kuuliza: Je, fungu hilo lafika kinywani mwake?

Kwanza, tusiogope pasipo sababu. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 akitimiza mwaka huwa na kilo 9 au zaidi. Lakini mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 2 na nusu tu. Kwa hiyo hamu yake hupungua, na mama hudhani ni mgonjwa. Mpimaji wa haki si macho ya jirani, ni mizani. Tazameni mstari katika kitabu cha kliniki. Ukiwa wapanda pamoja na mistari iliyochapwa, mtoto mwembamba aweza kuwa mzima kabisa. Ukiwa umelala, au washuka, hapo pana hatari, hata kama mtoto anacheza.

Pili, tuseme wazi jambo linalosemwa kwa kunong'ona. Katika mitaa yetu, kutoka Kisauni hata Likoni, mtoto akikonda au akivimba miguu, wako wanaosema ana chirwa, yaani baba au mama ametoka nje ya ndoa. Basi nyumba huwaka moto. Mume amshitaki mke, mke amshitaki mume, na siku zapita mtoto hajapelekwa hospitali. Twawaheshimu wazee wetu na miiko yao ya ndoa. Lakini ugonjwa huu wajulikana. Daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina la wenyeji wa huko, kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake akizaliwa. Siku hizi watoto kama hao hutibiwa kwa chakula cha pakiti kilichotengenezwa kwa njugu, maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini, pamoja na dawa, na walio wengi hupona. Ugonjwa uponao kwa njugu na maziwa hautaki kesi ya ndoa. Wataka chakula na daktari.

Wala si jambo la nyumba chache. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa ajili ya lishe mbaya. Katika Kilifi, jirani zetu, walikuwa 37.

Tatu, chakula chenyewe. Sisi watu wa reli twajua kwamba behewa dogo halichukui shehena ya behewa kubwa. Tumbo la mtoto wa kilo 8 huchukua kama kikombe kimoja tu. Ukilijaza uji mwepesi, umepakia maji. Basi ni mawili: ongeza safari, na uchague shehena yenye thamani. Mtoto wa mwaka mmoja apewe chakula mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati mara moja au mbili. Ziwa la mama liendelee mpaka miaka miwili au zaidi.

Uji uwe mzito, ukae juu ya kijiko usimwagike. Kisha utiwe kitu cha kuunenepesha: kijiko cha njugu zilizosagwa laini, au tui zito la nazi, au maziwa, au kijiko kidogo cha mafuta. Mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya unga wa uzito ule ule. Sima ipondwe pamoja na kunde au pojo za nazi. Dagaa wakavu waoshwe, wakaangwe, wasagwe wawe unga, na kijiko chake kitiwe katika mboga kila siku. Yai moja lapondwa na kiazi kitamu. Samaki atolewe miiba vizuri. Mchicha, malenge, papai na embe havikosekani sokoni Kongowea. Lakini njugu zenye ukungu zitupwe, na mahindi kadhalika. Mwaka 2004 sumu ya ukungu katika mahindi iliua watu 125 katika sehemu za Ukambani. Na mtoto mdogo asipewe njugu nzima, zaweza kumpalia.

Nne, namna ya kulisha. Mtoto asibanwe pua wala kushikwa mikono. Chakula cha nguvu humfundisha kuchukia sahani. Awe na sahani yake mwenyewe, apate kuonekana amekula kiasi gani, kwa maana katika sinia moja na ndugu zake wakubwa yeye hushindwa mbio. Aketi pamoja na watu wanaokula. Akikataa mchicha leo, apewe tena kesho kutwa, kidogo tu. Huenda akaukataa mara nane au kumi kabla ya kuuzoea. Tena tuangalie kinachoua hamu yake: chai, soda, krispi, mabuyu ya rangi na peremende kabla ya chakula. Chai, zaidi ya hayo, huzuia damu kupata madini ya chuma yaliyomo katika chakula.

Tano, huenda mtoto hali kwa kuwa ana ugonjwa. Tangu mwaka mmoja apewe dawa ya minyoo kila miezi sita, na matone ya vitamini A tangu miezi sita. Akiharisha, asinyimwe chakula. Apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na zinki, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa muda wa wiki mbili. Kliniki wana utepe wa kupima mkono kwa mtoto wa miezi sita hata miaka mitano. Chini ya sentimita 12.5 ni onyo, chini ya 11.5 ni hatari kubwa. Mtoto wa namna hiyo, au aliyevimba miguu yote miwili, apelekwe siku hiyo hiyo Port Reitz, Likoni, au kituo cha afya kilicho karibu. Asingojee mwisho wa mwezi.

Mwisho, ndugu wanaume. Mama hawezi kutia yai katika uji ikiwa fedha ya yai imekwisha njiani. Siku ya mshahara, kabla ya deni la duka na kabla ya kiti cha barazani, tutoe kwanza fungu la mtoto: njugu, dagaa, mayai, mafuta. Bei ya soda moja mara nyingi yapata yai. Na anayetoka zamu ya usiku aweza kumpeleka mtoto mizanini asubuhi, wala si aibu. Twaomba pia kila tawi liulize katika mkutano wake: Ni watoto wangapi wa wanachama wetu waliopimwa mwezi huu? Swali hilo na liandikwe katika daftari la chama pamoja na habari za mishahara, kwa kuwa ni habari moja.