KUULIZA NI HAKI, KUZUSHA NI HATARI
Maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanachama, Rwamgasa, Septemba 2021

Haya tuliyasema kwenye kikao cha tawi. Tunayatuma hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa duarani.

Tarehe 25 Agosti, eneo la Selander na nje ya Ubalozi wa Ufaransa, Dar es Salaam, Hamza Mohamed aliwaua kwa risasi askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni ya SGA. Watu sita walijeruhiwa. Naye akauawa na polisi. Tarehe 2 Septemba, DCI Camillus Wambura akatangaza kuwa uchunguzi umebaini alikuwa gaidi, na kwamba mambo hayo alikuwa akiyafuatilia mitandaoni.

Kati ya tarehe hizo mbili simu hazikulala. Wapo waliosema polisi walimdhulumu dhahabu. Wapo waliosambaza picha zake akiwa na sare za Chama, wakakishtaki Chama kizima. Wapo waliosoma jina lake tu, wakaishtaki dini nzima. Na baya kuliko yote, wapo waliomwita shujaa.

Hapa kwetu iliyoshika ni habari ya dhahabu, na sababu tunaijua. Mtu aliyekesha duarani, akapeleka mawe karasha, akaosha, halafu gramu zake zikaishia mikononi mwa mwingine, akisikia habari ya dhuluma huiona ni yake.

Lakini ndugu, kuamini si kuthibitisha. Katika vitabu vya tawi hili, hata elfu tano ya maji ya kikao haiingii bila risiti. Iweje tuhuma nzito namna ile ipite simu hadi simu bila hata shahidi mmoja? Na hata kama ingekuwa kweli, yule mlinzi wa SGA alichukua dhahabu ya nani? Alikuwa lindoni akitafuta riziki, kama walinzi wa plant zetu hapa.

Upande wa pili nao tuuseme. Kuuliza si uhaini. Mwananchi akitaka kujua nani alimfahamu mtu huyu, na kwa nini hakuzuiwa mapema, ana haki ya kujibiwa. Siku nane ni nyingi kwa watu wanaosubiri maelezo, na uzushi hauna subira. Vyombo vyetu vikieleza mapema na kwa kina, mzushi atakosa wateja.

Kwa hiyo tawi limeazimia:

1. Kundi hili halitapokea picha za maiti wala sauti zisizo na mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inampa anayechapisha uongo kwa makusudi faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

2. Mwanachama asimnyooshee kidole jirani kwa dini au asili yake. Waislamu wa Rwamgasa tumezikana nao miaka yote.

3. Mwenye malalamiko ya dhahabu aje ofisini na tarehe, mahali, uzito na mashahidi. Tutamwandikia barua kwa Afisa Madini au TAKUKURU, na nakala atabaki nayo. Soko la dhahabu Geita lilifunguliwa Machi 2019 ili tuuze kwa mizani na risiti. Dai risiti yako.

Hili la tatu ndilo kubwa. Dhuluma isiyoandikwa popote haifi. Inakaa moyoni mpaka siku mtu anamshangilia muuaji asiyemjua, akidhani amelipiziwa. Tuiandike, tuipeleke panapohusika, tuifuatilie mpaka ijibiwe.

Tunazipa pole familia za marehemu wale wanne na kuwaombea majeruhi afya.

Kidumu Chama Cha Mapinduzi!

Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi, Rwamgasa.