Kumpeleka Mtoto Kwenye Kiwanja cha Skeitibodi

Leo nasema na wewe baba, na wewe mama, ambaye mtoto wako amekwisha kukuomba mara tatu umpeleke kwenye kiwanja cha skeitibodi, nawe umemjibu, "Ngoja kwanza." Sababu yako naijua. Umeona watoto wa wenzako wakianguka juu ya saruji.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe. Skeitibodi ni ubao wa tabaka saba nyembamba zilizogandishwa pamoja, wenye urefu wa sentimeta 80 hivi, na chini yake magurudumu manne. Hauna usukani. Kila ekseli imekalia vipande vya mpira, na mtoto akiegemea upande mmoja, mpira hubonyea na magurudumu hugeukia upande ule ule. Ulianzia California, Marekani, katika miaka ya 1950, kwa wapanda mawimbi waliotaka mchezo wa nchi kavu. Zamani magurudumu yalikuwa ya chuma au ya udongo mgumu, na kokoto moja ilitosha kumtupa mtu. Tangu miaka ya 1970 hutumika plastiki yenye kunepa kidogo, ambayo hupita juu ya kokoto ndogo.

Usidhani kwamba mchezo huu ni wa matajiri wa ng'ambo tu. Huko Uganda, katika mtaa wa Kitintale, mjini Kampala, vijana walikoroga saruji kwa mikono yao, yapata mwaka 2006, wakajenga kiwanja chao wenyewe. Miongoni mwao alikuwa Jackson Mubiru, kijana wa mtaa huo. Mtaa ule si wa watu wenye fedha. Mbao zilikuwa chache kuliko watoto, basi ikawalazimu kupokezana.

Kupokezana huko ndiko ninakotaka ukuangalie ufikapo kiwanjani. Usimsukume mtoto aingie mara moja. Kaeni pembeni robo saa, mtazame. Utaona kwamba hakuna refa wala filimbi, lakini utaratibu upo: mmoja huteremka, wengine husimama ukingoni na kungoja, akimaliza, au akianguka, wa pili huingia. Mgeni asiyejua hili hukatiza njia, na hapo ndipo watu wagonganapo. Mwonyeshe mwanao mahali pa kusimama, kisha mwache awaamkie wakubwa waliopo. Mahali pazuri utapajua upesi: kijana mkubwa atamshika mdogo mikono yote miwili na kutembea naye. Ukiona wakubwa wanawafukuza wadogo, rudi siku nyingine, au tafuta kiwanja kingine.

Sasa kuanguka. Ataanguka, sikufichi. Mifupa ivunjikayo sana ni ya kifundo cha mkono, kwa kuwa mtu aangukapo hunyosha mkono ajizuie. Kwa hiyo avae vikinga vya mikono, viwiko na magoti, na kofia ngumu ambayo mkanda wake umekaza, nafasi ya vidole viwili tu ibaki chini ya kidevu. Kofia iliyolegea ni pambo. Afundishwe pia kuangukia magoti yenye vikinga, au kujiviringisha.

Lakini liko jambo ambalo wazazi hulikosea kwa mapenzi yao. Mtoto asimamapo juu ya mteremko kwa mara ya kwanza, hofu humvuta nyuma. Akiegemea nyuma, ubao hukimbia mbele peke yake, naye huanguka chali. Ili ashuke salama sharti aweke uzito wake mbele, kule kule anakokuogopa. Mama akipiga kelele "Angalia!" wakati huo huo, mtoto hugeuza uso na kujirudisha nyuma. Basi, ndugu yangu, nyamaza. Kama mteremko ni mkubwa mno kwake, mzuie kabla hajapanda. Akisha kuweka mguu wa mbele, mwachie mwalimu wake. Akianguka, hesabu mpaka tano kabla ya kukimbia. Mara nyingi atakuwa amekwisha kuinuka.

Na binti je? Mpeleke vile vile. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ambamo mchezo huu uliingia kwa mara ya kwanza, Momiji Nishiya wa Japani alipata medali ya dhahabu akiwa na umri wa miaka 13. Wako kina mama pia ambao hupanda ubao wenyewe, nao huchekwa siku ya kwanza tu.

Nendeni asubuhi, au baada ya saa kumi, kwa maana saruji ya adhuhuri huunguza. Chukueni maji ya kunywa, na mengine ya kuoshea michubuko. Mvua ikiwa imenyesha, msiende hata kama jua limekwisha kutoka. Ngojeni mpaka saruji ikauke kabisa.