Busta ya Breki Ikivuja

Ndugu dereva unayebeba abiria kati ya Tiira, Busia na Tororo: pedali ikiwa ngumu na hewa ikilia miguuni unapokanyaga breki, usikimbilie kununua busta. Zima injini, kanyaga mara tano, shikilia, kisha washa. Pedali ikizama kidogo, busta inavuta. Isipozama, kagua kwanza paipu ya mpira inayotoka kwenye injini, pamoja na vali yake. Mara nyingi ubovu uko hapo, na bei ya vipuri hivyo ni ndogo.

Mpira wa ndani ya busta ukichanika, hiyo ni habari nyingine. Kopo la busta limebana springi kali. Fundi asiye na vifaa vya kazi hiyo asilifungue, na gundi, jamani, haifai kabisa. Afadhali busta ya mtumba iliyopimwa. Kabla hujapakia abiria, jaribu breki uwanjani.