Kuongoza Nyumba za Umma: Mafunzo kwa Vyama vya Msingi

Maelezo ya mhadhara uliotolewa kwa makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi, Singida



Katika kila chama cha msingi chenye ghala, ofisi au vyumba vya kupangisha, lipo swali ambalo aghalabu halimo katika ajenda ya mkutano, lakini hujibiwa kila mwezi kwa vitendo. Swali lenyewe ni hili: nani amelipa pango, nani hajalipa, na kwa nini yule asiyelipa hajaulizwa? Wengi hulihesabu kuwa jambo dogo la karani. Walakini ndilo lililoyumbisha mashirika makubwa ya nyumba za umma katika nchi hii. Yafaa basi historia ya mashirika hayo, hasa katika jiji la Dar es Salaam, ielezwe mbele ya wanaushirika wa mkoa huu, ili kila chama kipime mali yake kwa kipimo hicho.

WADAI WATATU

Mtu anayekabidhiwa uongozi wa nyumba za umma mjini huwakuta wadai watatu wakimngoja mlangoni.

Mdai wa kwanza ni mpangaji aliyekwisha kuingia. Huyu anajulikana kwa jina, ana barua katika jalada, naye hudai kodi isipande na bomba litengenezwe. Mdai wa pili ni nyumba yenyewe. Nyumba haina mdomo, lakini hudai bati, rangi, mifereji na misumari. Ikinyimwa haki yake huidai kwa nguvu, kwa kuvuja na kupasuka. Mdai wa tatu ni mwananchi ambaye bado hajapata nyumba. Huyu hayumo katika daftari, haji ofisini kulalamika, wala hana mtu wa kumpigia simu Mkurugenzi. Kwa hiyo ni rahisi sana kumsahau.

Kiongozi bora ni yule anayewasikiliza wote watatu. Historia inaonyesha kwamba kila mmoja wao aliposahauliwa, hasara haikuchelewa kuonekana.

MIAKA YA MWANZO

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1962, muda mfupi baada ya Uhuru. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuondoa nyumba duni za miti na udongo katika maeneo kama Magomeni, Dar es Salaam, na mahali pake kujenga nyumba imara za matofali. Nia ilikuwa njema, nao waliopata nyumba hizo walinufaika.

Hata hivyo hesabu ilikuwa na kasoro. Nyumba moja ikibomolewa na moja ikajengwa mahali pale pale, idadi ya nyumba za jiji haiongezeki. Wakati huo huo watu walikuwa wakiingia Dar es Salaam kutoka mikoa yote. Mdai wa tatu alikuwa akiongezeka kila siku, na fedha ilikuwa ikitumika kumjengea mtu aliyekuwa tayari na pa kulala. Katika Mpango wa Pili wa Maendeleo, ulioanza mwaka 1969, Serikali iliachana na utaratibu huo. Baadaye, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1974, ukaanzishwa mpango wa viwanja vyenye huduma katika maeneo kama Sinza na Kijitonyama. Wananchi walipimiwa viwanja, barabara na maji vikatengenezwa, na kila mtu akajenga kwa kadiri ya uwezo wake.

MSAJILI WA MAJUMBA

Mwezi Aprili 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Shabaha ilikuwa kukomesha unyonyaji wa wenye nyumba waliopandisha kodi wapendavyo. Majengo hayo, ambayo mengi yalikuwa katikati ya miji, yaliwekwa chini ya ofisi mpya iliyoitwa Msajili wa Majumba. Hivyo ofisi moja ya umma ikawa mwenye nyumba wa maelfu ya wapangaji.

Kazi hiyo ilikuwa nzito. Kodi zilidhibitiwa na sheria, zikabaki chini, ilhali bei ya saruji, bati na vifaa vya maji ilipanda mwaka hadi mwaka, hasa katika miaka ya 1980. Mpangaji aliyelipa kodi ndogo alifurahi. Nyumba haikufurahi. Ngazi zilikatika, mabomba yakaoza, kuta zikaota ukungu, na fedha ya matengenezo haikutosha. Wahenga walikwisha kuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena kodi ndogo haikumfikia kila mara mtu mdogo. Mahali ambapo kodi halali iko chini sana kuliko ile ya mtaani, hutokea biashara ya pembeni. Aliyeandikwa katika daftari huhama, akampangisha mwingine kwa bei ya soko, tofauti akaitia mfukoni. Anayetaka kuingia hutakiwa kilemba. Basi nafuu iliyotolewa na umma kwa ajili ya wanyonge huishia kwa mtu wa katikati, na umma hubaki na deni la matengenezo. Hilo ni onyo kwa kila anayedhani kwamba kuweka pango la chini peke yake ni kuwasaidia maskini. Nafuu isiyo na daftari humfuata mjanja.

Mwaka 1990 ofisi ya Msajili wa Majumba ilivunjwa, na majengo yake yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nayo Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973 ili kuwakopesha wananchi fedha za kujenga, ilifungwa mwaka 1995 ikiwa imelemewa na mikopo isiyolipwa. Kila aliyekopa asirejeshe alifunga mlango wa mwenzake aliyekuwa bado kwenye foleni.

MWENDO MPYA NA MITIHANI YAKE

Mwaka 2005 sheria zilirekebishwa. Udhibiti wa zamani wa kodi za nyumba ukaondolewa, na Shirika likapewa nafasi ya kujiendesha kibiashara. Mwaka 2010 aliteuliwa Mkurugenzi Mkuu mpya, Nehemiah Mchechu, aliyetoka katika kazi ya benki. Katika kipindi hicho Shirika lilikazania ukusanyaji wa madeni, likakopa katika mabenki, likajenga kwa wingi, jijini na mikoani.

Hapo ukaonekana mtihani wa kwanza, nao ni wa madeni ya wakubwa. Mpangaji maskini akichelewa miezi miwili hupelekewa barua. Lakini idara, taasisi au mtu mwenye cheo akichelewa, nani atamgongea mlango? Mwaka 2016 Rais John Magufuli alilitaka Shirika liwatoe wadaiwa sugu bila kujali kama ni taasisi za Serikali. Kwamba neno hilo lilihitaji kutamkwa na Rais, ni ushahidi wa jinsi lilivyo gumu kwa mkurugenzi anayesimama peke yake.

Mtihani wa pili ni wa bei. Shirika linalojenga kwa mkopo wa benki hapana budi kuuza au kupangisha kwa bei ya kurejesha mkopo pamoja na riba. Kodi ya ongezeko la thamani ikiongezwa, pamoja na gharama za kupeleka barabara, maji na umeme, nyumba inayoitwa ya bei nafuu huwa juu ya uwezo wa mwalimu na mkulima. Majengo makubwa nayo yana hatari yake. Miradi ya Morocco Square na Kawe, Dar es Salaam, ilisimama kwa miaka kadhaa kabla ya kuendelea tena. Jengo lililosimama katikati haliingizi kodi, lakini riba ya mkopo haisimami nalo.

Mfano mwingine ni Magomeni Kota. Kota za zamani zilibomolewa, na wakazi wake wakangoja kwa miaka mingi. Nyumba mpya zilijengwa na Wakala wa Majengo, nazo zikafunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Iliamuliwa wakae miaka 5 bila kulipa kodi. Ahadi kwa mdai wa kwanza ilitimizwa, nayo ni haki. Lakini maghorofa yana ngazi, lifti, pampu za maji na taa za nje, na hivyo vyote hudai matengenezo tangu mwaka wa kwanza. Nyumba ya bure kwa mkazi si ya bure kwa anayeitunza.

YANAYOHUSU VYAMA VYA MKOA HUU

Huenda mwanachama wa Iramba au Ikungi akauliza: mambo ya maghorofa ya Dar es Salaam yanamhusu nini mtu wa alizeti, dengu na vitunguu? Yanamhusu sana. Ghala la chama ni nyumba ya umma. Vyumba vya biashara vilivyojengwa kwa makato ya wanachama ni nyumba za umma. Wazee wanakumbuka kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mali ya wengi ikikosa mwangalizi mmoja anayewajibika, hurudi mikononi mwa wenyewe ikiwa na nyufa.

Uchukuliwe mfano wa chama chenye vyumba 10 vya biashara, kila kimoja kwa pango la shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka chama kinastahili shilingi 4,800,000. Wapangaji 3 wasipolipa mwaka mzima, shilingi 1,440,000 hazionekani. Ikiwa mmoja wao ni ndugu wa mjumbe wa bodi, na mwingine ni mjumbe mwenyewe, hata yule wa tatu hadaiki tena, kwa maana atauliza: mbona fulani haulizwi?

Kwa hiyo makatibu wanashauriwa kushika mambo matano.

Kwanza, kila chumba kiwe na mkataba wa maandishi na ukurasa wake katika daftari, na kila malipo yatolewe stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, sehemu ya kila pango iwekwe katika mfuko wa matengenezo kabla ya kutumika kwa posho au safari. Ghala likaguliwe kabla ya mvua, siyo baada ya magunia kulowa.

Tatu, pango lipitiwe kila mwaka, na mabadiliko yapitishwe na mkutano. Kodi iliyoganda kwa miaka kumi huvuta madalali.

Nne, mjumbe wa bodi au mtumishi anayepanga chumba cha chama atangaze jambo hilo mkutanoni, asishiriki uamuzi wowote unaohusu chumba hicho, na adaiwe kwa utaratibu ule ule.

Tano, orodha ya wadaiwa isomwe kwa majina katika mkutano mkuu, ikianza na wenye madeni makubwa. Aliyepatwa na msiba au ugonjwa asikilizwe na apewe muda, lakini muda huo uandikwe na uwe na mwisho.

Jambo la nne ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu katibu huishi kijiji kimoja na mdaiwa wake, huchota maji kisima kimoja naye, na huenda watoto wao wameoana. Si rahisi kumdai shemeji. Ndiyo sababu bodi haina ruhusa ya kumwachia katibu mzigo huo peke yake. Barua ya kudai na itoke kwa bodi nzima, ili lawama isimwangukie mtu mmoja.

Katibu anayeogopa lawama na amkumbuke mdai wa tatu. Hapa Singida mdai huyo ni mkulima ambaye bado hajajiunga, au kijana atakayeleta gunia lake la kwanza la alizeti miaka mitano ijayo. Leo hayuko mkutanoni kujitetea. Atakapofika, atalikuta ghala likiwa kavu au linavuja, na hatakuwa na haja ya kusoma mihutasari ili kujua jinsi chama kilivyoongozwa.

Katika kikao kijacho cha bodi, kila katibu anaombwa aweke mezani karatasi mbili: orodha ya wanaodaiwa pango, na orodha ya matengenezo yaliyoahirishwa. Zisomwe pamoja. Mara nyingi jumla ya ile ya kwanza itatosha kulipia ile ya pili.