Mashine, Tamthilia na Neno la Mzee Mwenyewe



Nimeombwa kuzungumzia, hapa Kitai, tamthilia inayohusu akili unde, uzee na msiba wa kifamilia. Maana za maneno haya hazitatuchukua muda. Akili unde hapa ni programu za kompyuta zilizolishwa maneno, picha na sauti nyingi, zikajifunza kujibu kama mtu. Mzee, kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Usahaulifu wa uzeeni, nao umo katika tamthilia hii, ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi wala laana. Utafiti uliofanyika wilayani Hai ulikuta watu 6 hivi katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao. Naendelea.

Tamthilia ni Marjorie Prime ya Mmarekani Jordan Harrison, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2014. Bibi wa miaka 85 anapoteza kumbukumbu. Analetewa mfano wa marehemu mumewe, mwenye sura ya ujanani, anayeketi naye sebuleni na kuzungumza. Mfano huo haujui chochote isipokuwa uliyosimuliwa. Mkwe anausimulia mengi, binti hafurahii. Bibi naye, akikumbushwa usiku aliochumbiwa, anataka filamu waliyoitazama ibadilishwe, iwekwe nyingine nzuri zaidi. Na yupo mtoto wa kiume aliyejiua, ambaye nyumbani hatajwi. Bibi anafariki, anatengenezewa mfano. Binti anafariki, naye vilevile. Mwishoni jukwaani imebaki mifano mitupu, inaongea kwa upole juu ya familia ile bila binadamu hata mmoja wa kuisahihisha.

Msiseme hayo ni ya Marekani. Sisi tunao wasifu wa marehemu.

Turubai limefungwa, watu wamekaa, msemaji wa familia anafungua daftari. Marehemu alizaliwa Litembo, akabatizwa, akafunga ndoa, akashuka Kitai na mumewe kutafuta shamba, akajaliwa watoto 7, kisha akaanza kusumbuliwa na maradhi. Karatasi hiyo imeandikwa usiku wa kuamkia mazishi na kijana aliyefika kwa basi jana yake. Huku nyuma kwenye mafiga, dada wa marehemu anasema kwa Kimatengo, lugha ya huku, kwamba watoto walikuwa 8. Wa kwanza alifariki mdogo, na wanawake wa rika la marehemu walimwita Mama Fulani kwa jina la mtoto huyo mpaka siku anazikwa. Hakuna anayeinuka kwenda kumwambia msemaji.

Huku kusemewa na wengine ndiko ninakopambana nako kwa miaka. Kila ninapoomba kuzungumza na mzee, naletewa mwanawe. "Mama amechanganyikiwa, niulize mimi." Na mwana anajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, nasi tunaandika kwa haraka kwa sababu taarifa inasubiriwa ofisini. Mgonjwa wa usahaulifu anaweza kupoteza kwanza lugha aliyojifunza baadaye. Kiswahili cha sokoni na cha ofisini kinaondoka, kinabaki Kimatengo au Kinyasa. Mjukuu aliyekulia Songea haelewi, anasema bibi anaropoka. Bibi haropoki! Muulize habari za ngoro, kile kilimo cha mashimo. Atalaza kiganja kama mteremko wa kilima, akuonyeshe wanaume walivyopanga majani yaliyofyekwa kwa miraba, na wanawake walivyoyafunika kwa udongo mpaka mashimo yakajitokeza, kisha maharage yakapandwa. Jina la mjukuu limempotea, shamba bado analo.

Sasa tuongeze mashine. Programu za simu zetu zinasikia Kiingereza vizuri, Kiswahili kwa kiasi, Kimatengo hazikijui. Mama atakayetengenezwa humo atalishwa na mwana, kwa Kiswahili, na watoto watakuwa 7. Daftari husomwa mara moja. Sauti ya mama itarudia watoto 7 kila jioni, na wajukuu wataiamini kwa sababu ni sauti yake. Sipingi teknolojia, na mjane anayetaka kuisikia tena sauti ya mumewe sitamnyang'anya simu. Naomba tu mwenye sauti aulizwe angali hai.

Sanaa inaweza kulifanya hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya mkoani Mwanza, wakatengeneza michezo pamoja na wanakijiji kutokana na matatizo yao. Leo kikundi kinapewa ujumbe ulioandikwa tayari na dakika chache za kuuigiza. Msiba hauingii humo.

Napendekeza yafuatayo. Mzee arekodiwe akiwa na nguvu, kwa lugha yake, si usiku wa kuamkia mazishi. Aombwe idhini, kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, tena aulizwe na yale asiyotaka yasemwe. Kunyamaza kuwe uamuzi wake, si wa wanawe. Halmashauri za Mbinga na Nyasa ziwape maafisa utamaduni muda na nauli ya kufika Lituhi na Liuli. Msamiati wa Kimatengo uliochapishwa na Nobuko Yoneda mwaka 2006 ufike kwenye shule zetu. Wahudumu wa afya waache kuwaambia ndugu "ni uzee tu". Sauti ya marehemu isitumike kuchangisha fedha wala kutangaza chochote. Na narudia: mzee aulizwe yeye, hata kama jibu litachukua asubuhi nzima.

Kwa vikundi vya sanaa: tusiitafsiri tamthilia ya Harrison. Tutunge yetu, ya msemaji mwenye daftari na dada wa marehemu aliye jikoni, Kimatengo kikisemwa jukwaani bila kuombwa radhi. Ionyeshwe kwanza kwa wazee wenyewe, mchana, maana usiku hawatembei. Watakaposema tumekosea turekebishe, ndipo tuipeleke Mbinga mjini.