Bodi Mpya Ndani ya Amplifaya ya Valvu

Hotuba kwa mafundi wa redio na vyombo vya sauti

Tumeombwa tuzungumze juu ya amplifaya kuukuu za valvu, na hasa jinsi ya kutoa ile bodi ya saketi inayoendesha valvu kubwa na kutia mpya. Tungeweza kusema kwa jumla tu, lakini fundi hapewi kitu cha jumla mkononi. Basi tumechagua moja inayojulikana sana, Dynaco Stereo 70.

Amplifaya hii ilianza kuuzwa 1959 na kampuni ya Dynaco ya Philadelphia, Marekani. Waliyoibuni walikuwa David Hafler na Ed Laurent. Wengi waliinunua ikiwa vipande ndani ya kasha, kwa karibu dola 100, halafu mtu akaiunga mwenyewe mezani kwake. Ili kazi isimshinde mtu wa kawaida, sehemu iliyo ngumu zaidi ililetwa ikiwa imekwisha lehemiwa juu ya bodi moja. Bodi hiyo huitwa PC-3, nayo ndiyo shida yetu ya leo.

Hebu tuone kazi yake. Sauti ikiingia ni dhaifu. Juu ya bodi kuna valvu mbili za 7199, moja kwa kila upande. Ndani ya kila 7199 mna valvu mbili katika kioo kimoja: ya kwanza inakuza sauti, ya pili inaigawa iwe mawimbi mawili yanayopingana, moja likipanda lingine linashuka. Mawimbi hayo yanapitia kapasita na kuingia kwenye valvu kubwa, EL34, mbili kila upande. Hizo zinasukuma transfoma ya kutoa sauti, nayo inalisha spika. Nguvu yake ni wati 35 kila upande. Ukiisikia ikiwa nzima utashangaa, kwa maana wati 35 hizo zinajaza ukumbi wa kutosha.

Sasa, bodi hii ni ya karatasi iliyogandishwa kwa gundi, ile ya rangi ya kahawia. Imekaa karibu na valvu zinazotoa joto kwa miaka zaidi ya sitini. Inaungua polepole, inageuka nyeusi, na vile vijia vya shaba vinabanduka ukivigusa kwa chuma cha kulehemu. Rezista zake za kaboni zimepanda thamani kwa uzee, tena hazikupanda sawasawa upande huu na ule. Lakini adui mkubwa ni zile kapasita zinazopeleka sauti kwenye EL34. Kapasita ikianza kuvuja, volti chanya inapenya hadi kwenye gridi ya EL34 na kuiondoa ile volti hasi inayoizuia. Valvu inaanza kuvuta mkondo bila breki, bati lake linageuka jekundu, na mkondo huo wote unapita ndani ya transfoma ya kutoa sauti. Valvu utanunua nyingine. Transfoma ya asili, A-470, ikiungua umepoteza kile kilichoifanya amplifaya hii iwe na jina. Hafler na mwenzake Herbert Keroes ndio waliotangaza 1951 namna ya kuunga transfoma iitwayo ultra-linia, na A-470 ni ya ukoo huo. Kwa hiyo mtu akikuletea Stereo 70 na kusema ati inanguruma kidogo tu, usimwambie aendelee kuitumia mpaka mwisho wa mwezi.

Je, si afadhali kutengeneza bodi ileile? Inawezekana, na kama haijaungua tusiiharibu. Lakini 7199 za zamani zimeadimika na bei yake imepanda. Kuna 6GH8A ambayo ni jamaa yake, lakini miguu yake haikupangwa sawa, kwa hiyo huwezi kuichomeka hivihivi. Ndiyo sababu watu wametengeneza bodi za badala zinazoingia mahali palepale, zikitumia valvu zilizo rahisi kupatikana, kama 12AU7 au 12AT7, au hizo 6GH8A.

Hapa tunataka mkae kidogo. Wengi huchagua bodi kwa kusifiwa sauti yake. Sisi tunasema anza na hesabu ya filamenti. Kila 7199 inakula ampia 0.45, mbili ni 0.9. Bodi yenye 12AU7 tatu, kila moja ikila 0.3, jumla ni 0.9 ileile, na transfoma ya stima haijui kama kumebadilika kitu. Lakini kuna bodi zenye 6SN7, na kila moja inakula 0.6. Zikiwa tatu ni 1.8, mara mbili ya zamani. Transfoma ya stima ya Stereo 70 huwa moto hata ikiwa haijaongezwa mzigo. Kumwongezea mzee gunia la pili mgongoni si uboreshaji.

Vilevile kapasita ya kwanza baada ya GZ34, ile valvu inayogeuza stima, isizidi maikrofaradi 60. Hicho ndicho kipimo walichoweka waliounda GZ34. Tumeona mafundi wakitia kubwa kwa kudhani mngurumo utaisha, kumbe wanaiua valvu.

Tukija kwenye kazi yenyewe, jueni kwamba ndani mna zaidi ya volti 400 za mkondo wa moja kwa moja, na zinaweza kubaki ndani ya kapasita hata plagi imetolewa. Stima hiyo inaua. Chomoa plagi, unga rezista ya omu 10,000 ya wati 10 kati ya kapasita na chasisi kwa waya wenye vishikizo, ngoja, kisha pima kwa mita kila sehemu ya kapasita hadi uone sifuri. Mkono mmoja ukae mfukoni. Usifanye kazi hii peke yako nyumbani usiku.

Ukiisha kulehemu waya za bodi mpya, usiwashe kwa pupa. Kwanza toa GZ34. Bila hiyo hakuna volti kubwa, lakini volti hasi inabaki, kwa sababu ina njia yake. Pima mguu wa 5 wa kila soketi ya EL34. Yote minne lazima ionyeshe volti hasi, thelathini na kitu hivi. Mguu mmoja ukionyesha sifuri, acha hapo utafute waya. Kisha rudisha GZ34 na valvu zote, unga spika, na uwashe kupitia balbu ya wati 100 ya kizamani iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka sana na kukataa kufifia, zima. Amplifaya ikipiga mluzi mkali, zima mara moja: waya mbili za transfoma ya kutoa sauti zimepishana, na sauti inayorudishwa nyuma kutoka kwenye spika inaongeza badala ya kupunguza.

Dynaco walipima volti 1.56 juu ya rezista ya omu 15.6, yaani miliampia 100 kwa EL34 mbili kwa pamoja. Siku hizi wengi hukaa karibu na 40 kwa kila valvu ili ziishi zaidi, nasi tunakubali. Bodi nyingine zina kirekebishi cha kila valvu peke yake. Ukiweza kupata hiyo, chukua hiyo. Iache iwake nusu saa, upime tena.

Mmoja wenu aliuliza kuhusu stima yetu. Stereo 70 nyingi ni za volti 117 hadi 120 za Marekani, na hapa Kenya ni 240. Lazima uwe na transfoma ya kushusha, ya wati 500 hivi. Stima yetu ni ya mizunguko 50, si 60, kwa hiyo transfoma itapata joto zaidi kidogo. Ipe nafasi ya kupumua, usiisukumie kabatini.

Mwingine aliuliza afanye nini na bodi ya zamani. Ifunge kwenye mfuko pamoja na zile 7199 na umrudishie mwenye mali. Ni zake, na valvu hizo zikipimwa na kuwa nzima huenda zikalipa sehemu ya bodi mpya.